Great Dixter, Sussex: nyumba ya miti na udongo ya miaka zaidi ya 550, nilienda na mama

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka, nendeni. Kama upo Uingereza na una mgeni kutoka nyumbani na umeshachoka kumpeleka kila siku kupiga picha kwenye daraja na kwenye saa kubwa ya London, mpeleke Great Dixter, kijiji cha Northiam, Sussex ya mashariki. Hasa kama mgeni wako ni mtu mzima aliyekulia kijijini na anajua nyumba inajengwaje, huyo ndo atakufaidisha, maana mimi nilienda nikidhani namtembeza mama, kumbe yeye ndo alinitembeza mimi.

Mama alikuja Julai kutoka Muheza. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa nyumba za miti, yani zile za kuchimbia nguzo, kufunga fito, halafu watu wanaitwa kukandika udongo, wanawake wanaleta maji wanaume wanakanyaga. Mama amekua anaona hiyo kazi tangu mtoto. Sasa nilimwambia tu tunaenda kuona nyumba ya zamani ya shamba, ya watu wenye uwezo, yeye akavaa vizuri akaweka na mtandio mpya akijua anaenda kwenye jumba la mawe na dhahabu. Tumeshuka, tumepita geti dogo la mbao, kuna njia ya mawe iliyonyooka katikati ya majani marefu ambayo hayajafyekwa (wameyaacha makusudi kwa ajili ya maua ya porini), na mbele yako ndo nyumba yenyewe. Mama akasimama. Akaangalia ile baraza ya mlangoni ambayo imeinama kabisa kwa umri, akaangalia miti imesimama wima imekaribiana, katikati yake kumejazwa na kupakwa chokaa, akanigeukia akasema, "Mwanangu, si umeniambia ni nyumba ya wenye nacho? Hii si ya kukandika hii?"

Ndo yenyewe mama. Na hapo ndo nikajua siku itakuwa nzuri.

Kwa ambao hawajui, nyumba nyingi za zamani za Waingereza huko kusini ni za mti wa mwaloni, ndugu wa ule mwaloni tunaousoma kwenye Biblia. Walikuwa wanaukata na kuuchonga ukiwa bado mbichi kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kama chuma, wanaunganisha kwa tundu na ulimi, halafu wanapigilia vigingi vya mti huohuo, misumari kidogo sana au hakuna. Mti ukikauka ukiwa umeshasimamishwa unajikunja, unajinyonga, ndo maana unaona hizi nyumba zimekaa kama mtu aliyeegemea mlango. Nafasi kati ya nguzo na nguzo wanaweka fito au mbao nyembamba, wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mara nyingi samadi ya ng'ombe, juu wanapaka chokaa. Mama nilipomtafsiria habari ya samadi aliitikia tu kwa kichwa kama mtu anayesahihisha daftari, akasema samadi ndo inafanya udongo usipasuke, hata kwa baba alikuwa akiikosa anaahirisha kazi.

Na kitu kingine, miti ya Dixter haijapakwa rangi nyeusi. Wengi tumezoea kuona nyumba nyeusi na nyeupe kwenye kadi, ule weusi sehemu nyingi ni mtindo uliokuja baadaye. Hapa mwaloni umeachwa ukapauka kwa jua na mvua mpaka umekuwa wa kijivu kama fedha iliyochakaa. Ukiusogelea unaona mistari ya mti imechimbika kwa mvua, unaweza kuhisi kwa kidole, mabonde madogomadogo. Nilikaa hapo mlangoni dakika nyingi tu kwa hicho.

Sasa historia. Jina la Dixter linaonekana kwenye maandishi tangu 1220, lakini hii nyumba tunayoiona ni ya katikati ya miaka ya 1400. Ilianza kama nyumba ya bwana mwenye ardhi, ukumbi mmoja mkubwa ulio wazi mpaka paani, moto unawaka katikati ya sakafu na moshi unatafuta njia yake juu, hakuna dohani. Baada ya hapo maisha yakabadilika, miaka ya 1500 huko Uingereza watu wengi wakaanza kujenga madohani ya matofali, na ukishakuwa na dohani ile nafasi yote ya juu haina tena kazi ya moshi, basi watu wakapachika sakafu za ghorofa ndani ya kumbi zao, wakapata vyumba juu na vyumba chini. Dixter nayo ikakatwakatwa hivyo hivyo. Ikashuka daraja, ikawa nyumba ya shamba, wakaishi wakulima na vibarua, vizazi kwa vizazi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa imechoka.

Mwaka 1910 akaja bwana mmoja anaitwa Nathaniel Lloyd, alipata hela kwenye biashara ya uchapaji, akainunua, akamchukua msanifu Edwin Lutyens aitengeneze na kuiongeza. Lutyens ni yuleyule ambaye baadaye alipewa kazi ya kusanifu New Delhi, na ule mnara wa kumbukumbu ya wafu wa vita pale Whitehall, London, ni wake. Kazi ya Dixter ilimalizika 1912. Na hapa ndo penyewe, kwa sababu walichokifanya ni vitu vitatu tofauti kabisa kwenye nyumba moja, na ukienda bila kujua utapita tu ukisema nyumba nzuri basi.

Cha kwanza waliondoa. Zile sakafu na kuta zilizopachikwa ndani ya ukumbi wakazitoa zote, ukumbi ukarudi kuwa mmoja kutoka chini mpaka paani. Ukiingia leo unapigwa na ule urefu wa juu. Kuna mtambaapanya mkubwa umekatiza kutoka ukuta mpaka ukuta, na pamoja nao kuna zile boriti fupi zinazotokeza ukutani kama mkono uliokunjwa kiwiko zinabeba kenchi bila kukatiza katikati, aina mbili za paa ndani ya paa moja, wanasema ni nadra sana kuzikuta pamoja hivyo. Mama alikaa kwenye kiti (kuna viti unaruhusiwa) akaangalia juu muda mrefu kisha akaniuliza huo mti mrefu ulipandishwaje. Kwetu pwani vyumba vya nyumba za zamani za mawe, Lamu, Zanzibar, hata Pangani, ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kukupa upana zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi, kwahiyo chumba kinarefuka lakini hakitanuki. Mwaloni umewapa hawa watu upana ambao sisi hatukuwa nao. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo mpaka nimesimama pale chini na shingo inauma.

Cha pili walileta. Hiki ndo mama alikipenda kuliko vyote. Huko Benenden, Kent, kama maili 9 kutoka hapo, kulikuwa na nyumba nyingine ya miti, ya mkulima mwenye uwezo wa miaka ya mwanzo ya 1500, imetelekezwa inasubiri kuanguka. Wakainunua kwa pauni 75. Wakaifungua kipande kipande, kila mti ukapewa namba, wakabeba mpaka Northiam wakaisimamisha upya ikaungana na ile ya kwanza, upande wa bustanini. Mama akasema, "Kumbe na wao wanahama na nyumba yao." Maana nyumbani mtu akihama si anang'oa mabati, milango na madirisha anaenda navyo, anabakiza kuta tu? Hawa wamefanya kinyume, wamehama na mifupa yenyewe wakaacha udongo. Na inawezekana kwa sababu hakuna msumari, unagonga kigingi kinatoka, ulimi unachomoka kwenye tundu lake, basi. Na mafundi wa zamani wenyewe walikuwa wanachonga alama kwenye viungo, namba za Kirumi kwa patasi, kwa sababu walikuwa wanapanga fremu chini kwanza ndo wanaipeleka kuisimamisha. Babu naye alikuwa anachanja miti kwa panga ajue mti upi na upi. Mama alinionyesha hapohapo kwa kucha juu ya kiganja, mchanjo mmoja wa mlango, miwili ya dirisha.

Cha tatu wakajenga kipya. Katikati ya nyumba ya Dixter na ile ya Benenden, Lutyens akaweka jengo lake la matofali mekundu ya kuchoma, juu kuta zimevishwa vigae, na madohani marefu. Na hakudanganya. Hakutengeneza miti ya bandia ili uone yote ni ya miaka ya 1400. Ukiangalia kwa mbele unaona kabisa hapa ni pa zamani na hapa ni pa 1912, lakini paa linateremka kwa mteremko unaofanana, vigae ni vya udongo wa hukohuko, ukubwa wa madirisha haupishani sana na wa jirani yake, kwahiyo jicho halisumbuki. Mimi nimekaa nimeangalia majengo mengi ya kale ambayo yameongezwa kioo na chuma ili tu waseme tumetofautisha, na mengine yameigizwa mpaka unajisikia kuibiwa, hii ya hapa ni njia ya katikati na kwa maoni yangu ndo sahihi. Sijaona iliyofanywa vizuri kuliko hii.

Kuna kitu kimoja kidogo cha Lutyens ambacho nakipenda sana ingawa wageni hatufiki huko ndani. Kwenye chumba cha kushindia watoto aliweka dirisha chini kabisa usawa wa sakafu, la mtoto anayetambaa aweze kuchungulia nje. Yani mtu mzima mwenye miradi mikubwa kichwani amepiga magoti akafikiria mtoto wa miezi nane anaona nini. Lloyd alikuwa na watoto sita, walilifaidi hilo dirisha.

Sasa nina jambo linanisumbua na nitalisema. Kuondoa zile sakafu za ukumbini. Uingereza kulikuwa na watu tangu 1877, William Morris na wenzake, walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale wakisema msirudishe jengo lilivyokuwa mwanzo, rekebisheni tu mnachokikuta, kwa sababu kila kilichoongezwa nacho ni historia. Kwa hesabu yao Lutyens alikosea. Alifuta karne tatu za wakulima ili tuone ukumbi wa bwana mmoja wa miaka ya 1400. Nilimweleza mama hivyo hivyo, tumekaa palepale ukumbini, akafikiri, akasema, "Waliokuwa wanalala huko juu ndo waliokuwa wanaziba paa likivuja. Sasa wao hawaonekani." Nimelibeba hilo neno mpaka leo. Ukumbi ni mzuri mno, na kama wangeuacha umekatwakatwa mimi nisingesafiri masaa matatu kuuona, lakini natamani wangeacha hata kipande kimoja cha sakafu ile, hata ngazi moja, tuone mtu wa kawaida aliishije humo. Hawa wasimamizi wa kujitolea wanaokaa vyumbani wanajua mengi na wana moyo, waulizeni kuhusu hao wakulima, mzee mmoja tuliyemuuliza aliacha kiti chake akaja kutuonyesha kwenye mti mashimo ya tundu yaliyobaki matupu, kila shimo tupu ni mti uliokuwepo ukatolewa. Ukishajua kuyaona hayo mashimo unaisoma nyumba nzima kama barua. Mama alimwamkia kabisa shikamoo wakati wa kuondoka, mzee wa watu hakujua ajibu nini, akashika moyo akainama.

Huu ukumbi pia uliwahi kulaza majeruhi, vita ya kwanza ya dunia sehemu ya nyumba iligeuzwa hospitali ya askari. Na Lloyd mwenyewe nyumba ilimgeuza, mtu wa biashara ya uchapaji akaishia kuwa mtaalamu wa matofali na nyumba za Kiingereza, akaandika vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Alifariki 1933. Mtoto wake wa mwisho, Christopher, aliyezaliwa humohumo 1921, ndo akawa mkulima wa bustani maarufu aliyelifanya jina la Dixter lijulikane duniani, mpaka alipofariki 2006, na sasa pako chini ya taasisi na bustani inaongozwa na Fergus Garrett ambaye alianza kuwa mkuu wa bustani 1993.

Bustani nzima siwezi kuimaliza hapa, wapenda maua mtaenda wenyewe. Ila lazima niseme la migomba. Nyuma kulikuwa na zizi la ng'ombe, Lutyens akaligeuza bustani ya mawaridi, na banda la ng'ombe lenye paa la vigae likaachwa pembeni palepale. Miaka ya 1990 Christopher na Fergus wakang'oa mawaridi yale, watu wakalalamika sana, wakapanda migomba, kanna, dalia, majani makubwamakubwa. Kwahiyo unatoka kwenye nyumba ya miaka ya 1400, unapita kwenye uzio wa miti hai iliyopunguzwa vizuri, unaingia ghafla umezungukwa na migomba inayokuzidi urefu. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Ni mgomba wa jamii inayovumilia baridi, hauna ndizi za kula, na bado kipupwe wanaufunika usife. Aliushika shina akalibonyeza kwa kidole gumba kama anavyofanya shambani kwake, akaangalia jani kavu lililoning'inia, akaniambia niwaambie walipogoe. Sikuwaambia. Na kama mtafika bustani ya ukutani angalieni chini, kuna picha ya mbwa wawili wafupi imetengenezwa kwa kokoto, walikuwa mbwa wa Christopher, mmoja akiitwa Dahlia na mwingine Canna.

Haya, mambo ya kujiandaa. Usitegemee kuzunguka nyumba nzima, wageni wanaingia ukumbini, sebule ndogo ya pembeni na chumba kikubwa cha juu, vingine hapana, kwahiyo kama unataka kuiona nyumba ya Benenden ujue utaiona zaidi kwa nje. Pia nyumba na bustani muda wake wa kufungua hauko sawa, nyumba ni mchana, angalieni kabla hamjatoka, na hufungwa kipupwe. Njia za bustani ni za mawe yasiyo sawa na kuna ngazi nyingi, mama ana goti tulienda polepole, mwenye kiti cha magurudumu apige simu kwanza aulize njia zipi zinapitika. Viatu vya chini, tafadhali. Kuna kafe na kuna kitalu cha miche, miche ni ya kweli imekuzwa hapohapo, sisi tulinunua mmoja tu wa kubaki nao mimi maana wa kupanda ndege hauruhusiwi hivihivi.

Usafiri ndo shida. Kwa treni unatoka London St Pancras, unabadilisha Ashford, unashuka Rye, halafu kama kilomita 13 kwa gari. Teksi tuliyokuwa tumeiweka oda siku mbili kabla haikutokea, nikapiga simu nikaambiwa hawaoni jina langu, tukakaa stesheni na mama karibu saa zima kwenye upepo. Mwenye gari aende na gari, paking ipo. Asiye na gari aweke teksi ya kwenda na ya kurudi na athibitishe asubuhi ileile.

Thamani ya hela ipo, tena sana, chukueni tiketi ya nyumba na bustani zote mbili, msichukue ya bustani tu kwa kubana matumizi mtajuta. Tengeni masaa manne. Sisi tulifika saa saba kasoro mchana tukatoka wakifunga, na kabla hatujaondoka mama aliomba turudi mara moja mbele aiangalie tena ile baraza iliyoinama. Hakuangalia juu safari hii. Aliinama akaangalia pale miti inapoanzia, akaona haigusi ardhi, imekalishwa juu ya msingi, halafu akanyanyua macho kwenye upenu wa paa ulivyotokeza mbele ya ukuta, maji ya mvua yanadondokea mbali.

Kwenye treni alikuwa kimya mpaka karibu na Ashford. Kisha akasema, "Nipigie mjomba wako." Saa ile kule ni usiku, nikamwambia mama watu wamelala, akasema hajalala huyo. Mjomba kapokea, hata salamu hazijaisha vizuri, mama anamwambia ile nyumba ya baba asiibomoe kwanza, atafute mtu asogeze mabati mbele futi mbili upande wa kusini, maji yanapiga ukuta.